Freddie Mercury: Mtoto wa Unguja Asiyetuzwa Kwao

Kila msimu wa fainali za soka mitaani kwetu hapa Pwani, mambo ni yale yale. Refa akishapuliza kipenga cha mwisho na nahodha akainua kombe, kijana wa spika huweka wimbo mmoja wa Kizungu, na uwanja mzima, hata wasiojua Kiingereza, huimba kiitikio kwa sauti moja. Ni We Are the Champions. Siku moja niliwauliza vijana wa timu iliyoshinda kama wanamjua mtunzi wa wimbo ule. Mmoja akasema ni Mmarekani, mwengine akasema ni Mwingereza. Nilipowaambia kuwa mtunzi alizaliwa Unguja, walicheka wakidhani nawafanyia masihara.

Sikuwa nafanya masihara. Mimi mwenyewe nilimjua mtu huyo kupitia kanda ya kaseti aliyoileta mjomba wangu mmoja, baharia, ambaye kila akirudi safari alikuwa na jambo jipya la kutuonyesha. Jalada la kanda lilikuwa limechanika, na sauti ilikuwa ikipanda na kushuka kwa sababu betri zilikuwa zimechoka. Mjomba ndiye aliyetwambia kuwa huyu anayeimba ni mtu wa kwetu. Hatukumwamini. Nitarudi kwa mjomba baadaye. Kwanza tumsimulie huyo mtu wa kwetu.

Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, Mji Mkongwe wa Unguja, akapewa jina la Farrokh. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya Waingereza kisiwani. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, watu ambao asili yao ya mbali ni Uajemi, wakahamia Gujarat nchini India karne nyingi zilizopita, na jina la Bulsara linatokana na mji wa Bulsar wa huko huko Gujarat. Dini yao ilikuwa ya Zoroasta, dini kongwe ambayo wafuasi wake Qur'ani inawataja kwa jina la Majusi. Mwaka 1952 akazaliwa dada yake, Kashmira.

Wakati huo Unguja ilikuwa chini ya Sultani Khalifa bin Harub, Waingereza wakishika hatamu nyuma ya pazia. Bendera nyekundu ya Sultani iliyopepea Forodhani ndiyo iliyopepea pia Fort Jesus, kwa sababu ukanda wa maili kumi wa Mwambao ulihesabiwa kuwa milki yake hadi mwaka 1963. Kwa hivyo Farrokh na wazee wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu walizaliwa chini ya bendera moja. Mtu akisema kijana huyo hatuhusu sisi wa Kenya, aisome historia hiyo kwanza.

Mji aliozaliwa ulikuwa mji wa muziki. Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, alifariki mwaka 1950, mtoto huyu akiwa bado hajatimiza miaka 4. Simpachiki Farrokh taarabu asiyoiimba, lakini njia ya bahari kati ya Unguja na Bombay, ile aliyoipita Siti kwenda kurekodi, ndiyo aliyoipita yeye kwenda shule. Alipofika umri wa miaka 8, wazazi walimpakia meli wakampeleka shule ya bweni ya St Peter's, mji wa Panchgani, milimani upande wa Bombay.

Mzazi yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto bweni anaweza kukisia siku ile ya bandarini ilivyokuwa. Hakuwa akirudi nyumbani kila likizo, kwani bahari ilikuwa pana na nauli ilikuwa kubwa. Huko Panchgani alifunzwa piano, wenzake wakaanza kumwita Freddie, na pamoja na wavulana wengine wanne wakaunda bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Aliona haya kwa sababu ya meno yake ya mbele yaliyochomoza, yaliyosukumwa na meno ya ziada nyuma ya kinywa. Baadaye, alipokuwa na pesa za kuyarekebisha, hakuyagusa, akichelea kuwa sauti yake ingebadilika.

Alirudi Unguja mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka 16. Alikuta mji umechemka kwa siasa za vyama. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba mwaka huo, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Yaliyotokea siku zile kila familia ya Mwambao ina namna yake ya kuyasimulia, na nyingine hadi leo hazisimulii kabisa. Sitayafungua hapa. Itoshe kusema kuwa watu wengi waliuawa, na Waarabu na Wahindi wengi waliobaki hai wakakimbia. Baadhi yao walifika Mombasa, na wajukuu wao tunakaa nao mtaa mmoja. Akina Bulsara walikwenda Uingereza. Walifika mwaka huo huo wa 1964 na kupanga Feltham, kitongoji cha London kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, wakaanza maisha upya.

Freddie alikuwa na miaka 17. Katika umri huo alikuwa ameshapoteza kwao mara mbili, kwanza alipopelekwa bweni na pili kwa Mapinduzi. Nadhani ndiyo sababu alipokuwa mkubwa hakupenda kuizungumzia Unguja. Akiulizwa asili yake, alipendelea kujiita Muajemi. Lakini sisi tusimcheke kwa hilo. Mwambao huu umejaa watu wanaojiita Washirazi ambao babu zao saba hawajawahi kuiona Shirazi. Jambo la mtu kuchagua asili ya mbali ili asiulizwe ya karibu, sisi tunalijua vizuri.

London alisomea uchoraji na usanifu katika chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Alifanya kazi za vibarua, ikiwemo kupakia mizigo Heathrow. Pamoja na rafiki yake mpiga ngoma, Roger Taylor, aliuza nguo kuukuu katika soko la Kensington. Ndiyo, alikuwa muuza mitumba. Taylor alikuwa akipiga katika bendi iliyoitwa Smile pamoja na mpiga gita Brian May, mwanafunzi wa elimu ya nyota, ambaye gita lake alilitengeneza yeye na baba yake nyumbani, shingo yake ikiwa ni mbao ya meko ya zamani. Freddie alikuwa akihudhuria maonyesho yao na kuwapa mashauri ambayo hawakumwomba. Mwimbaji wao alipoondoka mwaka 1970, mtoa mashauri akashika kipaza sauti.

Yeye ndiye aliyeipa bendi jina la Queen, yaani Malkia. Yeye ndiye aliyechora nembo yake kwa alama za nyota za kuzaliwa za wanachama wote wanne. Na ndipo alipobadilisha jina lake la ukoo akajiita Mercury, jina la sayari ambayo wanajimu wetu wa zamani waliiita Utaridi. Mwaka 1971 akajiunga mpiga gita la besi, John Deacon, fundi wa vifaa vya umeme. Wanne hao hawakubadilika kwa miaka 20 iliyofuata, jambo adimu katika bendi yoyote, iwe ya roki au ya taarabu.

Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1973 na haikuvuma. Ya pili na ya tatu, zote za 1974, zikawapandisha. Ila iliyowaweka mahali pao ni ya nne, A Night at the Opera, ya Novemba 1975. Ndani yake kuna Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika 6 alioutunga Freddie mwenyewe.

Ambaye hajausikia, naomba autafute siku moja akae ausikilize kwa utulivu. Hauna kiitikio kinachorudiwa. Unaanza kwa sauti za watu watupu, bila ala, kama watu wanaofungua kasida. Kisha inaingia piano, na mtu mmoja akieleza makosa yake kwa mama yake. Halafu gita linalia. Halafu ghafla unageuka opera, makundi ya sauti yakibishana kama mahakamani, upande mmoja ukitaka mshitakiwa aachwe na mwengine ukikataa. Katikati ya ubishi huo limo neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Kiislamu hufunzwa kulitaja kabla ya kutia tonge mdomoni. Halafu roki nzito inalipuka, na mwisho kila kitu kinatulia kama bahari baada ya kusi.

Sauti zile zinazosikika kama za watu mia ni za watu watatu tu: Freddie, May na Taylor. Walirekodi, wakarudia juu yake, wakarudia tena, sehemu ya opera peke yake ikichukua takriban wiki 3. Enzi hizo hapakuwa na kompyuta ya kunakili sauti. Ukanda wa kurekodia ulipitishwa kwenye mashine mara nyingi hadi ukakaribia kuchakaa. Wenye kampuni waliona hakuna redio itakayopiga wimbo mrefu namna ile. Mtangazaji Kenny Everett wa London akaupata na kuupiga tena na tena, watu wakamiminika madukani kuuliza santuri ambayo bado haijatoka. Ulikaa kileleni Uingereza wiki 9.

Kuhusu lile neno la Kiarabu, wako wanaosema ni dhihaka na wako wanaosema ni salamu kwa alikotoka. Yeye hakupenda kufafanua nyimbo zake. Miaka mitatu baadaye, albamu iliyoitwa Jazz ilifunguliwa kwa wimbo uitwao Mustapha, aliouimba kwa kuchanganya Kiingereza, maneno ya Kiarabu na maneno ya kubuni, kwa sauti ya kuvuta kama ya adhana. Masikio yetu Waislamu yanaweza kukereka, na mimi yalinikereka mara ya kwanza. Lakini nikisikiliza naona pia kuwa mtu aliyekulia mji wenye misikiti kila pembe hawezi kuifuta sauti hiyo kichwani, hata abadilishe jina mara ngapi.

Albamu ya 1977, News of the World, ndiyo iliyobeba wimbo wa mabingwa nilioanza nao, pamoja na ule wa Brian May unaopigwa kwa mshindo wa miguu miwili na kofi moja. Nyimbo hizo mbili zilitungwa kwa makusudi. Bendi ilikuwa imegundua kuwa watazamaji wa Uingereza waliacha kusikiliza kimya, wakawa wanataka kuimba wenyewe. Basi wakatungiwa nyimbo ambazo bila hadhira hazikamiliki.

Hapo ndipo ulipokuwa ubingwa wa Freddie. Wako waimbaji wengi wenye sauti nzuri. Yeye alijua kumfanya mtu aliye nyuma kabisa ya uwanja ahisi kuwa ameitwa kwa jina. Atokaye Pwani halimshangazi hili, kwani maulidi yetu yote yamesimama juu ya kuitikiana. Msomaji akivuta, wengine wanapokea, na asiyepokea anaonekana. Freddie alilifanya jambo hilo akiwa peke yake mbele ya umma mkubwa, mkononi akiwa na nusu ya mti wa kipaza sauti. Mti huo ulimkatikia jukwaani katika siku zake za mwanzo, akaendelea nao hivyo hivyo, na tangu hapo hakutaka mzima.

Mwaka 1976 walipiga bure katika bustani ya Hyde Park, London, na waliohudhuria walikisiwa kuwa zaidi ya 150,000. Machi 1981 walijaza uwanja wa Morumbi mjini São Paulo, Brazil, usiku mbili mfululizo, zaidi ya watu 100,000 usiku mmoja. Huko alikuta watu wanaozungumza Kireno wanaujua wimbo wake wa mapenzi neno kwa neno, akanyamaza na kuwaachia wauimbe wao.

Si kila hatua yake ilikuwa ya kusifiwa, na anayesimulia maisha ya mtu hana budi kusema yote mawili. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, ukumbi wa anasa uliojengwa Bophuthatswana, moja ya vijinchi bandia vya makaburu wa Afrika Kusini. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshawataka wasanii wote wasusie nchi hiyo. Kenya yetu ilikuwa miongoni mwa nchi za Kiafrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kwa ajili ya jambo hilo hilo la ubaguzi, wanariadha wetu wakikosa medali walizozitolea jasho. Bendi ilijitetea kuwa haijihusishi na siasa. Mtoto aliyefukuzwa kwao na siasa, kisha akawaimbia matajiri ndani ya nchi inayowafukuza Waafrika kwenye ardhi yao, alipaswa kujua zaidi. Sauti yake ilikatika katikati ya ziara, baadhi ya maonyesho yakafutwa. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini, na majina yao yakaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa.

Miezi 9 baadaye ikaja siku ambayo hata wasiopenda muziki wanaikumbuka. Ethiopia ilikuwa na njaa kubwa. Hata kwetu Kenya ukame wa 1984 uliuma, na wazee bado wanasimulia mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo. Mwimbaji Bob Geldof akaandaa tamasha la kuchangia fedha, Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, kwa wakati mmoja uwanja wa Wembley mjini London na mjini Philadelphia, Marekani. Watazamaji wa runinga walikisiwa kupita bilioni moja. Kila bendi ilipewa kama dakika 20 tu.

Wengi walikwenda wakapiga walichozoea. Queen walikodi ukumbi wa Shaw Theatre na kufanya mazoezi kwa saa ya ukutani, wakizikata nyimbo na kuziunganisha ili hata dakika moja isipotee. Ilipofika saa 12 na dakika 41 jioni kwa saa za London, ambapo kwetu ilikuwa saa 2 na dakika 41 usiku, Freddie aliingia jukwaani mbiombio, amevaa fulana nyeupe isiyo na mikono na suruali ya jinzi, akaketi kwenye piano. Kilichofuata kilichukua dakika 21.

Kwa nyimbo sita, watu 72,000 waliokuwa wamesimama juani tangu mchana wakageuka kitu kimoja. Walipopiga Radio Ga Ga, mikono yote uwanjani ilipanda na kupiga makofi pamoja, kama shamba la mpunga linalolazwa na upepo. Kati ya nyimbo alisimama peke yake, bila ala, akaivuta sauti moja ndefu, umma ukaipokea. Akaigeuza, wakaigeuza. Hawakuwa wamekuja kwa ajili ya bendi yake, na hapakuwa na taa za kumpamba kwa sababu jua lilikuwa bado halijatua. Watu wengi wa fani hiyo wanasema hakujawahi kuwa na onyesho bora la roki kuliko hilo.

Ninachokifikiria mimi kila nikitazama mkanda ule ni jambo jengine. Dunia nzima ilikuwa imekusanyika kuichangia Afrika Mashariki, na mtu aliyeiteka siku ile alikuwa amezaliwa Afrika Mashariki. Hakusema, na waliomtazama wengi wao hawakujua. Hata sisi hatukujua.

Mwaka uliofuata walizunguka Ulaya kwa ziara yao kubwa kuliko zote. Tarehe 27 Julai 1986 walipiga Budapest, Hungary, nyuma ya ukuta wa nchi za kikomunisti ambako maonyesho ya aina hiyo yalikuwa nadra. Pale aliimba wimbo wa kienyeji wa Wahungari kwa lugha yao, maneno akiwa ameyaandika kwa wino kiganjani. Uwanja ulilia. Mgeni akijitahidi kutamka lugha yako, hata akikosea, unamfungulia mlango. Tarehe 9 Agosti walimaliza ziara Knebworth, Uingereza, mbele ya watu zaidi ya 120,000. Hakupanda tena jukwaani na bendi yake kwa ziara.

Mwaka 1987 madaktari walimthibitishia kuwa ana virusi vya Ukimwi. Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi wanaomsimulia kwa Kiswahili hulikwepa. Aliishi miaka kadhaa na mpenzi wake Mary Austin, na walipoachana walibaki marafiki hadi mwisho. Baada ya hapo wenzi wake walikuwa wanaume. Dini yetu ina hukumu yake kuhusu jambo hilo, na mimi sina nia ya kuipinda. Vile vile sina nia ya kulifanya jambo hilo ndilo pekee la kumjua mtu aliyeacha mengi mengine nyuma yake. Hesabu yake iko kwa Muumba wake, na yetu inatungoja.

Alipojua kuwa anakufa, alifanya kazi zaidi. Na Montserrat Caballé, mwimbaji mkubwa wa opera wa Hispania, alitoa albamu ya Barcelona mwaka 1988, jambo ambalo hakuna mwimbaji wa roki aliyekuwa amelithubutu kwa namna ile. Na Queen alirekodi The Miracle ya 1989, kisha Innuendo ya Februari 1991. Magazeti ya Uingereza yalimvizia kila alipotoka, mashavu yakiwa yameingia ndani, na yeye akikanusha kuwa mgonjwa. Mei 1991 alipigwa picha za wimbo kwa mara ya mwisho, zikafanywa za rangi nyeusi na nyeupe ili udhaifu wake usionekane sana. Huko Montreux, Uswisi, ambako bendi ilikuwa na studio kando ya ziwa, aliendelea kurekodi kila alipopata nguvu za kusimama, akiwaachia wenzake sauti wazimalizie ala yeye akishaondoka. Walifanya hivyo, na albamu ikatoka mwaka 1995.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa tamko kwa umma kuwa ana Ukimwi. Kesho yake jioni alifariki nyumbani kwake Kensington, London, kwa homa ya mapafu iliyotokana na ugonjwa huo. Alikuwa na miaka 45. Mazishi yaliongozwa na makasisi wa Kizoroasta, kwa dini ya wazazi wake, kisha mwili ukachomwa. Majivu alikabidhiwa Mary Austin, naye hajasema alikoyaweka. Aliyetazamwa na watu bilioni hana kaburi linalojulikana. Aprili 1992 Wembley ilijaa tena kwa tamasha la kumkumbuka, na mapato yake yakaanzisha mfuko wa kupambana na Ukimwi ambao hadi leo unasaidia miradi katika nchi nyingi.

Miaka 5 tu baada ya kifo chake, dawa za mseto zinazowafanya watu waishi na virusi zikaanza kutumika.

Sasa nirudi kwa mjomba. Alikufa miaka ya tisini. Tuliambiwa ni kifua. Watu wazima walinong'ona, sisi vijana tukaelewa, na hakuna aliyesema. Nguo zake zilichomwa, vyombo vyake vikatupwa, na ile kanda ikatupwa pamoja navyo kana kwamba nayo ilikuwa na maradhi. Hakuna aliyekwenda kupima kwa sababu hakuna aliyekiri kuwa kuna la kupimwa, na baada yake kuna waliomfuata. Kenya yenyewe ilikuja kuutangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999, miaka 15 baada ya mgonjwa wa kwanza kugunduliwa nchini. Wahenga walishasema kuwa mficha maradhi, kilio humfichua. Freddie aliyaficha yake hadi siku moja kabla ya kufa, akiwa na pesa, madaktari na ukuta mrefu wa nyumba. Sisi tuliyaficha bila hata kimoja katika hivyo, na tukawazika wengi zaidi.

Ndiyo maana naona namna tunavyomtendea Freddie si jambo dogo. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe Unguja ya kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, jumuiya ya Uamsho ilipinga vikali. Mwaka 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake pale Shangani, na watalii wanaingia kwa foleni. Kwa hivyo tunamuuza kwa wageni mchana, na kati yetu wenyewe tunanyamaza. Wageni hao wakirudi kwao wanajua habari za mtoto wa Mji Mkongwe kuliko watoto wetu wanaoimba wimbo wake uwanjani.

Sidai tumjengee sanamu. Uswisi wameshamjengea, pale ziwani Montreux. Sidai tumfanye kiigizo cha mwenendo wala tumfute makosa yake, kuanzia Sun City. Nadai tu tumsimulie ukweli wake wote, kwa adabu tunayopaswa kuwa nayo kwa aliyekufa: alizaliwa hapa, akang'olewa hapa, akauza mitumba, akafanya kazi kwa bidii ambayo wengi wenye vipaji hawana, akaugua maradhi ambayo na sisi yametumaliza, na akaona haya kuyasema kama sisi tulivyoona haya.

Husemwa kuwa mcheza kwao hutuzwa. Freddie hakupata kucheza kwao. Fainali ijayo, kombe likiinuliwa na kijana wa spika akaweka wimbo ule, nitawaambia tena wale vijana ulikotoka. Safari hii nitawaeleza na habari za mjomba.